Temperance Aliyesimamishwa

Chapa kumi na moja, picha zilizopigwa kwa mbao za kuchonga, zilikuwa zimekwisha kukauka kwenye kamba, na hakuna aliyezilalamikia. Mwanamke anakanda unga wa mahindi. Mwanamke anayeyusha mafuta ya ng'ombe apate mishumaa. Mwanamke anamzika mwanawe wa nne, na ardhi ya Februari imeganda hata sururu inadunda. Halmashauri ya kanisa la Mansfold ilizipenda zote, hata hiyo ya kaburi, maana msiba wa miaka mia tatu na sabini haumnyimi mtu usingizi. Iliyoleta maneno ni ya kumi na mbili.

Kanisa lilikuwa linaadhimisha kuanzishwa kwake, likamwomba Roxana Orcutt achonge wanawake wa kwanza, wale wahamiaji walioshuka melini na kuandikwa kitabuni kama mke wa fulani na mke wa fulani. Chapa hizo zingetundikwa ukumbini Jumapili. Roxana alikuwa na miaka hamsini na saba, na mbao alikuwa amezichonga zaidi ya nusu ya hiyo. Alijua kazi yake. Hakujua tu namna ya kumshinda shangazi yake.

Shangazi Lovina, dada wa baba yake, alikuwa karani wa kanisa kwa miaka arobaini na moja. Mama yake Roxana alipofariki, ndiye aliyemlea, akampikia supu ya chaza kila Ijumaa na kumchapa alipostahili. Sasa alikuwa na miaka themanini na sita, na neno lake ukumbini lilikuwa la mwisho. Tangu majira ya majani kupukutika alikuwa amesema, "Mchonge umtakaye. Temperance muache alale."

Roxana hakumwacha. Temperance Orcutt alikuwa wa ukoo wao, na bila yeye, Roxana aliona zile kumi na moja ni mapambo ya ukutani tu. Alikuwa amemsoma kwenye picha zilizopigwa za kitabu cha kanisa, mistari mitatu basi: mke wa shemasi Barnabas Orcutt amejifungua siku ya Bwana, mtoto hatabatizwa mpaka mama asimame mbele ya kanisa na kuungama. Picha iliyofuata ilihusu ugomvi wa ua na nguruwe.

Wazee wale walikuwa na imani yao: mtoto anayezaliwa Jumapili alitungwa Jumapili, kwa hiyo wazazi wake waliivunja siku takatifu. Ukiuliza waliyajuaje ya chumbani mwa watu, utaambiwa Mungu aliwafunulia. Yule mtoto alikufa siku ya tisa, hajabatizwa, na kwa mafundisho yao wenyewe mama aliachwa ajiulize usiku na mchana amekwenda wapi. Roxana alipofikiri hayo alishikwa na hasira, na hasira haichongi.

Ndipo akamwonea huruma. Akamchonga Temperance amesimama katikati ya kanisa, uso mbele, na kando yake akamweka Barnabas, mkono wake begani mwa mkewe. Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Alimweka kwa kuwa hakuweza kuvumilia kumchonga yule mama peke yake.

Alhamisi mchana, theluji imefika magotini, Shangazi Lovina akasukuma mlango wa karakana kwa fimbo yake. Kwapani alikuwa na kitu kizito ndani ya foronya.

"Shangazi! Umekujaje na barabara hii?"

"Kwa miguu. Wewe ulidhani nitaruka?" Akakung'uta viatu. "Bwana Thayer wa halmashauri amenipigia simu. Anasema umenikaidi."

"Nimekukaidi."

"Haya, angalau hujaongeza uongo. Nionyeshe."

Chapa ya majaribio ilikuwa mezani, wino bado mbichi. Shangazi aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akacheka, kicheko kikavu, cha mtu aliyeumia.

"Huyu nani?"

"Barnabas."

"Anafanya nini upande wa wanawake?"

Roxana akapangusa wino vidoleni.

"Nakuuliza wewe, Roxana. Nimekufundisha mimi mwenyewe, ukiwa hujui hata kufunga kamba za viatu. Wanaume benchi zao, wanawake benchi zao, na shemasi anakaa mbele kabisa chini ya mimbari, anatazama watu. Barnabas angevukaje huku? Kwa mbawa?"

Roxana alihisi uso ukimwaka. Mtoto yeyote wa Mansfold angelijua hilo. Alikuwa amechonga benchi kwa usahihi, kofia kwa usahihi, hata misumari ya sakafu, halafu akamkosea mtu.

"Nilitaka awe na mwenzake," akasema.

"Na mimi nilitaka." Shangazi akaketi, akaitoa foronya. Kilikuwa kitabu chenyewe, kile ambacho watu walikiona picha tu. Akakifungua polepole mpaka penye mistari mitatu. Ukurasa ule ulikuwa mzito kuliko mwenzake. Ni kurasa mbili zilizobanwa pamoja, na pembeni kutu ya pini ilikuwa imeacha madoa mekundu. Pini yenyewe Shangazi alikuwa amekwisha kuichomoa.

"Soma. Macho yangu yamechoka nao."

Roxana akasoma. Temperance alisimama Jumapili tatu. Hakuungama. Alisema kuwa kama ni dhambi, basi haikutendwa na mtu mmoja, na akaomba mumewe asimame naye. Kanisa likapiga kura kama atengwe au asitengwe. Wanaume waliinua mikono atengwe, na karani wa wakati ule, mtu makini, aliandika jina la kila aliyeinua. Wa kwanza alikuwa shemasi Barnabas Orcutt.

Roxana akalisoma tena jina lile. Barnabas yule jina lake limo kwenye bamba la shaba mlangoni mwa kanisa, na Roxana alipokuwa mdogo alikuwa akiinuliwa juu ili aliguse.

"Nani aliubana?" akauliza.

"Ubao unaweza kutengenezwa?"

"Shangazi, nani aliubana huu ukurasa?"

"Nimekuuliza ubao."

Roxana akashusha pumzi. Mficha uchi hazai, lakini Shangazi huwezi kumvua kwa nguvu. "Ubao ukishatoa hurudishi," akasema. "Siwezi kuongeza kitu. Naweza kuondoa tu. Kinachobaki juu kinashika wino, kilichochimbwa kinatoka cheupe."

"Basi mwondoe."

"Patabaki pengo. Jeupe, la umbo lake. Na huu mkono umepita juu ya bega. Nikiuchimba, bega litabaki na alama."

"Libaki," akasema Shangazi. "Lete patasi. Mkono nautoa mimi."

Roxana hakubisha. Alimshikisha patasi ndogo, akamwonyesha kidole gumba kikae wapi, akamwambia asukume mbali na mwili. Vile vidole vya uzee vilikuwa vimepinda, na kila chembe ya mti wa mcheri ilitoka kwa shida. Alikuwa akilia bila sauti, pua inatiririka, wala hakutaka leso. Ilimchukua saa nzima kuutoa mkono mmoja. Mwili uliobaki Roxana aliumaliza jioni ile, akapaka wino, akabana karatasi, akaifunua.

Temperance alikuwa amesimama peke yake. Kando yake palikuwa na weupe mrefu wenye mabega ya mwanamume, na begani mwa Temperance vidole vinne vyeupe.

Jumapili, kabla kahawa haijamiminwa, Bwana Thayer aliinamia chapa ya mwisho. "Hii imeharibika?" akauliza, si kwa ubaya. "Hapa ni kama wino haukushika."

Roxana alifungua kinywa, lakini fimbo iligonga sakafu nyuma yake. Shangazi Lovina alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, kitabu mkononi. Akausoma ukurasa wote, kwa sauti ile aliyosomea kumbukumbu za vikao miaka arobaini na moja, bila kupanda wala kushuka. Jina la Barnabas alilisoma mara mbili. Watu walitazama vikombe vyao vitupu.

"Hamkuwahi kuusikia," akasema, "kwa sababu walipokuja kupiga picha kitabu hiki niliubana kwa pini. Mimi, Lovina Orcutt. Sikuambiwa na mtu. Nilimwonea haya mwanamume, nikamfukia mke wake mara ya pili, na kila Jumapili nikaja hapa nikaketi."

Mchungaji, mwanamke wa makamo, akamletea kiti haraka, akamshika kiwiko. "Bi Lovina, keti. Inatosha."

"Kiondoe, mama," akasema Shangazi. "Yeye alisimama Jumapili tatu."