Mkalimani wa Rosalba Olvera

Nina kiburi, wala sikifichi. Mtu aliyejifunza Kihispania kwa kuwakimbiza watoto wa watu na kijiko cha uji, kisha akafika mahali pa kusimama jukwaani na kuwa mdomo wa mwigizaji wa televisheni, ana ruhusa ya kuinua kidevu kidogo. Siku ile ya mwaka wa tisini na tisa nilikiinua tangu nilipotoka nyumbani Bongwe. Nilivaa gauni la kijani nililoshonesha Ukunda makusudi, nikajitanda mtandio wa hariri wa mama, na majirani walioniuliza naenda harusi ya nani niliwajibu kwamba naenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa katika hoteli moja ya Diani, ambako nilikuwa mpokeaji wa wageni. Lugha niliipata kwa Mama Pilar, Mhispania aliyekuwa na shule ya kuzamia pale pwani. Nilimlelea watoto pacha miaka minne, na pacha hao hawakukubali kukemewa kwa lugha nyingine. Mama Pilar ndiye pia aliyenifunza ukalimani, kila alipokuwa na maneno na wenye mashua. Alinikataza kusema "anasema kwamba." Mwenyewe akisema nimezaliwa, nawe useme nimezaliwa, akisema nimekosa, nawe useme nimekosa. Mkalimani hana mimi yake, aliniambia, ameiazima ya mwingine mpaka mazungumzo yaishe.

Mgeni wetu alikuwa Rosalba Olvera. Kuanzia Ukunda hadi Msambweni hakukuwa na mwanamke mwenye jirani mwenye televisheni asiyemjua. Ndiye aliyekuwa Konsuelo katika ule mchezo wa saa moja jioni, mke aliyeachwa na mumewe kwa ajili ya dada yake mwenyewe. Maneno yalibandikwa kwa Kiingereza, midomo ikawa inakwenda huku na sauti inakuja kule, lakini wali uliungua katika nyumba nyingi kwa sababu yake. Alipokuja kupumzika hotelini kwetu, Bwana Jaafar, afisa wetu wa uhusiano, alimwomba azungumze alasiri moja na wafanyakazi na majirani. Rosalba alikubali kwa sharti moja. Amezaliwa Marekani, Kiingereza anakijua vizuri, lakini mambo ya nyumbani huyasema kwa lugha ya nyumbani, nasi tuyasikie kwa yetu.

Bwana Jaafar akanitazama mimi, nami nikakubali kabla hajamaliza kuniuliza.

Sasa kuna jambo ambalo ni lazima niliseme mapema, kwa maana ndilo lililonitoa jasho siku ile. Kitambulisho changu kimeandikwa Mwanapili Muthoka. Hotelini nilijulikana kwa jina la Mwanapili Boga. Muthoka ni baba yangu, Mkamba aliyetoka Kitui mwaka wa sitini na nane na sururu begani, akaja kuchimba visima Bongwe. Alimwoa mama yangu, Ummi, Mdigo wa pale pale, baada ya kusilimu, na hata leo hunyoosha kanzu yake ya Ijumaa kwa pasi yeye mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu mwingine na kola. Boga ni mjomba wangu, kaka yake mama.

Yalipotokea yale ya Likoni mwaka wa tisini na saba, watu wa bara wakashambuliwa, wakawa wanafungasha na kuondoka, Mjomba Boga alihamia kibarazani kwetu wiki mbili na mkeka wake. Aliyetaka kumwuliza shemeji yake jambo alimwuliza yeye kwanza. Hakuna aliyemgusa baba. Lakini mimi niliingiwa na kitu. Mwaka uliofuata nilipokwenda kuandikwa kazi, karani aliniuliza jina bila kutaka kitambulisho, nami nikasema Boga. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kabila wala kwetu, nilijipanga mwenyewe. Na sababu nilikuwa nayo, nimeipanga vizuri kuliko hotuba ya diwani: kwa Wadigo mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye mtoto, basi kuitwa kwa jina la mjomba kuna ubaya gani? Mtu wa Kitui, ambaye kwao mtoto ni wa baba tu, hawezi kukosea namna hiyo, kwa sababu hana mlango huo wa kutokea. Mimi nilikuwa nao, nikautumia.

Baba hakujua. Hakuwahi kukanyaga hotelini, kwani alisema mahali penye maji ya bure ya kuogelea hapana kazi ya mchimba kisima.

Nilikuwa nyuma ya jukwaa nikinywa maji wakati Mulinge alipokuja. Mulinge ni mhudumu wa mezani, kijana wa Mwingi, na Kiswahili chake ni cha Nairobi mpaka mwisho.

"Pili, kuna mzee alikuwa hapo gate," aliniambia. "Anatafuta Mwanapili Muthoka. Soja amemshow hapa hakuna mtu kama huyo, kuna Mwanapili Boga tu."

Nikaiweka glasi chini. "Mzee akasemaje?"

"Akasema, basi ni huyo huyo. Nimemketisha row ya tatu. Ni wa kwetu, sindio? Nimemsalimia Kikamba, akanijibu kama mtu wa Kitui kabisa."

Nilichungulia pembeni ya pazia nikamwona. Alikuwa amevaa koti la kijivu, lile la kuozesha watoto, na kofia ya kufuma ameipakata magotini. Mama hakuwapo, maana goti lilikuwa likimsumbua. Ina maana alikuwa amekuja peke yake kusikia sauti ya mwanawe, akaambiwa langoni kwamba hana mwana. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Bwana Jaafar akapanda na kufungua shughuli kwa bismillahi na salamu ndefu. Akamtaja mgeni, watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia kwa furaha yake yote. "Na atakayetutafsiria ni binti yetu, wa hapa hapa, hakuletwa kutoka Nairobi wala Ulaya. Bi Mwanapili Boga." Makofi yakawa makubwa kuliko ya mgeni. Wanawake wa Bongwe wakapiga vigelegele. Baba naye alipiga makofi, polepole, akinitazama. Nilitamani asipige.

Rosalba alikuwa mfupi kuliko Konsuelo, na uso wake ulikuwa na mikunjo ambayo televisheni ilikuwa ikituficha. Alikaa kwenye kiti bila kujiegemeza, akaanza. Nami nikaanza.

"Nimezaliwa katika kambi ya wavuna vitunguu," nilisema, kwa maana ndivyo alivyosema. "Baba na mama yangu walitoka Meksiko. Kwetu mtu hubeba majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na hakuna linalomfukuza mwenzake. Mimi ni Rosalba Olvera Medina."

Akaeleza jinsi alivyopenda kuigiza tangu shuleni, na jinsi alivyokuwa akifagia ukumbi wa maonyesho ili aruhusiwe kutazama bure. Watu walikuwa wametulia, na mimi nilikuwa nimeshika mwendo, sentensi yake ikiisha yangu inaanza. Kwa dakika kama kumi nilimsahau baba, nikakumbuka tu kwamba kazi hii naiweza.

Kisha akasema lile neno. Nililisikia likija na sikuwa na pa kulikwepea.

"Nilipopata filamu yangu ya kwanza," nilisema, "niliulizwa jina. Nikasema naitwa Gina Oliver. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimelitunga nikiwa ndani ya basi. Jina la baba yangu niliona litanifungia mlango, nikaliacha nje."

Sauti yangu ilishuka. Rosalba aliniangalia, akadhani nimechoka, akanisubiri.

"Baba yangu alikwenda kuitazama ile filamu na wenzake wa shambani," niliendelea. "Ilipoisha, wenzake walitaka kutoka. Akawazuia. Akakaa akisoma majina yote yanayopanda kwenye skrini, mpaka taa zikawashwa. Alikuwa amewaambia kwamba wataliona jina lake. Aliporudi nyumbani aliniambia filamu ilikuwa nzuri. Hakusema neno jingine. Akafa miaka mitatu baadaye, na tangu hapo kila ninapoandikwa, naandikwa Olvera."

Mimi nilikuwa nimetazama kwenye maikrofoni tu, kwa maana safu ya tatu ilikuwa mbele yangu na sikuthubutu kuitazama.

Ukafika wakati wa maswali. Mwanamke wa kwanza aliuliza kama Konsuelo atamsamehe mumewe, na Rosalba alipojibu kwamba yeye angekuwa Konsuelo angebadilisha kufuli, ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wa pili aliuliza jambo lile lile kwa maneno mengine. Mulinge alikuwa akipitisha maikrofoni, na nilipoinua macho nikaona ameipeleka safu ya tatu.

Baba alisimama. Kofia aliiacha kitini.

"Assalamu aleikum," alisema. "Mimi naitwa Muthoka. Naishi Bongwe mwaka wa thelathini na moja huu. Nina swali moja kwa mgeni, na namwomba radhi kama nitamwudhi. Siku ile alipoliacha jina la baba yake nje, alikuwa anaogopa, au alikuwa anamwonea haya baba yake? Kwa sababu mzazi anaweza kuyachukua yote mawili, lakini angependa kujua ni lipi."

Alisema bila ukali, kama anayeuliza kina cha mwamba kabla ya kushusha sururu. Watu wa Bongwe waliomjua walianza kugeuka, wakimtazama yeye kisha mimi. Mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Bwana Jaafar, ambaye hakujua lolote, alitabasamu na kutikisa kichwa kwamba swali ni zuri.

Nililitafsiri. Neno kwa neno, sikulipunguza. Rosalba akajibu akimtazama baba, si mimi.

"Miaka mingi nilijiambia kwamba niliogopa," nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya baba yangu. "Kuogopa ni rahisi kusamehewa. Lakini umeniuliza, mzee, nami sitakudanganya. Niliona haya. Mikono ya baba yangu ilinuka vitunguu, na watu niliotaka wanipende mikono yao ilinuka sabuni. Hilo ndilo jibu. Sikuwahi kumpa yeye, nakupa wewe."

Baba alishukuru kwa kichwa. Akageuka kukitafuta kiti.

Kazi ya mkalimani ingeishia hapo. Mgeni amejibu, mwuliza ameridhika, maikrofoni inakwenda kwa mwingine. Mulinge alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea. Nikajiona nimesimama pale na kidevu changu, na gauni la kijani, na vigelegele nilivyopigiwa kwa jina ambalo nililitunga kwenye meza ya karani, na baba yangu anakwenda kukaa chini kwa adabu ili asinivunjie kazi. Sikuweza.

"Baba, ngoja usikae," nilisema.

Akasimama vile vile, nusu amegeuka.

"Yaliyosemwa sasa hivi ni ya mgeni. Haya nitakayosema ni yangu, na Bwana Jaafar atanisamehe." Nikaugeukia ukumbi. "Mimi si Mwanapili Boga. Boga ni mjomba wangu, na kama si yeye, mwaka ule tusingelala, namheshimu. Lakini naitwa Mwanapili Muthoka, na mzee huyu aliyesimama ndiye baba yangu. Langoni kwetu leo ameambiwa mimi sipo. Kosa si la askari, ni langu. Baba, uliuliza hofu au haya. Hofu ilikuwa ya miezi miwili. Baada ya hapo ilikuwa haya, na ilikuwa rahisi, kwa hivyo nikaendelea nayo. Najivunia kuwa mwanao na sikusema. Sasa nimesema. Shikamoo, baba."

Bwana Jaafar alikuwa amefungua mdomo na kuusahau wazi. Rosalba alinitazama mimi, akamtazama baba, akanitazama tena, hajaelewa hata neno moja, na bado macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Baba alikawia kuitikia. Shikamoo ikikawia kuitikiwa ni mzigo mzito, na aliniacha niubebe mpaka niuone uzito wake. Kisha akaiinua maikrofoni, akaniita kwa jina la mama yake, jina alilonipa nilipozaliwa na ambalo yeye pekee hulitumia, ndani ya nyumba tu.

"Marahaba, Kalondu," alisema, na sauti yake ikajaa ukumbi wote. "Nimesikia. Haya, sasa mtafsirie mgeni, asije akadhani tunamsema."

Nikamtafsiria, nikaanza na jina la baba.