Marehemu na Suruali ya Malkia

Kazi ya Marehemu ilikuwa kufa, na kufa alikuwa anakujua, msimchezee. Studio ya michezo ya video ilimvalisha vazi lenye vitufe vinavyong'aa, kamera zikamzunguka kunasa kila mwendo wake, naye akaanguka: kwa risasi, kwa mshale, kwa kusukumwa ghorofani. Kila adui uliyemuua kwenye michezo yao, ujue aliyekufa ni yeye. Jina lake halisi lilishasahaulika. Hata mkewe alimwita Marehemu.

Basi ikaja akili bandia, ikatazama vifo vyake vyote, ikavijua. Mkurugenzi akamwita, akamshukuru sana, akamwambia mashine sasa inakufa yenyewe. Jamani, mtu na kifo chake wanatenganishwa hivihivi! Marehemu akarudi nyumbani amenywea. Umri ule, nani angempa kazi nyingine? Kufa tu ndiko alikokujua.

Mchezo mpya ulipotoka, mkewe aliununua kwa hasira, aione hiyo mashine iliyompokonya mumewe tonge mdomoni. Akamchoma malkia mkuki. Malkia, na gauni lake la dhahabu, akashika kiuno, akavuta juu suruali ambayo hakuwa nayo, ndipo akaanguka. Akamuua askari: suruali. Akamuua simba, naye akasimama kwa miguu ya nyuma, akavuta. Mke alicheka mbavu hana.

"Mume wangu," akasema alipopata pumzi, "lile vazi la kazini si lilikuwa linakupwaya kiunoni?"

Lilikuwa linampwaya tangu siku ya kwanza, na Marehemu wala hakujua kwamba kila akitaka kufa hulivuta kwanza.

Wachezaji kila mahali walikuwa wanacheka vilevile, isipokuwa mkurugenzi. Akapiga simu, sauti ya upole kama anachumbia, akamwomba Marehemu aje afe upya vifo vyote, safari hii amefunga mkanda, mashine ijifunze tena kutoka mwanzo. Akimaliza, basi. Hiyo "basi" Marehemu aliielewa vizuri. Akalala nayo, akaamka nayo, akaenda nayo kazini.

Mkanda ulikaza sawasawa. Risasi ya kwanza ikalia, mikono yake ikakaa mbali na kiuno, mkurugenzi akashusha pumzi. Marehemu akayumba, akajikuna sikio la kushoto taratibu, akafa vizuri sana.

"Safi kabisa," akasema mkurugenzi. "Hivyo hivyo kwa vyote."