Ng'ambo ya Mto Hakuna Anayetujua

"Siri ikiingia kwangu imeingia kaburini," Orpha Tackett alipenda kujisifu, kisha, bila kuombwa, angekutajia waliozikwa humo na kilichowaua.

Lakini hii moja, iliyokuwa yake mwenyewe, aliibana tangu tumbaku ilipokatwa mpaka ilipokauka ghalani. Ilimchosha kuliko kupasua kuni. Mara mbili ilimfika mdomoni, nusura aitoe kanisani wakishona mfarishi na wenzake, akaimeza pamoja na keki.

Alikuwa anaolewa. Bwana harusi ni Delmas Crase, mgane wa kilima cha pili, aliyeendesha malori ya makaa ya mawe mpaka sikio moja likafa, na sasa anafuga nyuki. Alikuja kwanza na chupa ya asali, akaja tena kuulizia chupa yake, akawa anakuja tu. Mwanamume mwema, ila hakujua kunong'ona. Delmas akinong'ona, ng'ombe wa jirani hugeuka.

Kikwazo kilikuwa Wanetta, binti wa pekee wa Orpha. Alikuwa mwanamke mzima, mtalaka, mwenye nyumba yake hapo bondeni, na kila Jumapili baada ya ibada alimchukua mama yake wakale pamoja: maharagwe, mkate wa mahindi, kuku akiwepo. Wanetta alipoiona ile chupa ya asali aliielewa mara moja. Akasema mwanamke aliyekwisha mzika mume akishika mwingine anawachekesha watu, na mama yake akithubutu, basi asimhesabu tena Jumapili. Na Wanetta akisema, amesema. Tabia hiyo aliirithi kwa upande wa mama.

Sasa Orpha alimtaka Delmas, na Jumapili alizitaka pia. Akapiga hesabu zake: afunge ndoa kwanza, amwambie binti baadaye. Yai likishakaangwa halirudi ndani ya ganda, na Wanetta angenuna majuma kadhaa, kisha angechoka kula peke yake. Lakini akipata habari kabla, atakuja na maneno mengi na machozi, na Orpha alijijua. Kwa machozi ya mtoto wake angemrudisha Delmas kwa nyuki wake.

Leseni ya ndoa katika kaunti yao hutolewa na karani wa kaunti, na kila Alhamisi gazeti huchapa majina ya waliochukua. Watu huyasoma hayo kabla ya matangazo ya vifo. Ndiyo maana mwenye jambo lake hupanda gari akavuka daraja, akaenda kuichukua katika kaunti ya jirani, ambako hakuna anayemjua. Orpha aliona hiyo ni akili kubwa. Alisahau kwamba nusu ya kaunti yao ina akili hiyo hiyo.

Siku ilipofika alimwambia Wanetta kwa simu kwamba anakwenda kwa daktari wa macho. Wanetta akajibu vizuri sana mama, mimi nitashinda nyumbani nafua. Orpha akavaa gauni la bluu, Delmas akavaa kofia ya kanisani, wakavuka mto.

Ofisi ya karani ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha moja la kuhudumia watu wote: wanaolipia stika za kodi ya magari, wanaoandikisha mashamba na wanaotaka kuoana, foleni moja. Nyuma ya mlango wa kioo kulikuwa na chumba cha vitabu vya zamani vya ndoa, ambamo watu huja kuwatafuta mababu zao. Delmas alichungulia humo, akarudi na habari.

"Verlin Hoskins yumo mle," alinong'ona, na foleni nzima ikajua. "Ameinamia kitabu."

Verlin alikuwa shemasi wa kanisa lao, mseja mpole mwenye sauti nzito, aliyeimba kwaya bega kwa bega na Wanetta. Akitoka na kuwaona, habari itafika bondeni kabla yao. Delmas alisema amekwisha msalimu, naye Verlin kasema anatafuta ndoa ya babu yake, tena kasema huku amekuwa mwekundu kama bitiruti.

"Labda babu hakuoa," Orpha alisema. "Simama mbele yangu, unikinge."

Wakafika dirishani. Karani alikuwa mama mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliyewatazama akatabasamu kama anayeona jambo la kawaida. Akawauliza wanatoka ng'ambo, siyo? Orpha akauliza amejuaje. Yule mama akasema watu wa ng'ambo huja hapa, na wa hapa huenda ng'ambo, na daraja ndilo linalochakaa.

Akawaambia wainue mkono wa kulia waape kwamba watakayosema ni kweli. Hapo Orpha alikohoa kidogo, maana alikuwa amemwambia Delmas kwamba ana miaka sabini na minne. Lakini kiapo ni kiapo. Akasema sabini na minane, kwa sauti ndogo, upande wa lile sikio bovu. Karani, kwa bahati mbaya, aliirudia ili aiandike vizuri.

Delmas alifikiri kidogo. "Mimi nilikukisia themanini," alisema. "Basi nimepata nafuu."

Orpha alikuwa bado anatafuta jibu la kumchoma nalo, kalamu mkononi, mlango wa nje ulipofunguliwa. Akaingia Wanetta.

Alikuwa na rangi ya midomo. Nywele zilikuwa zimetengenezwa. Alikuja mbio mbio akipekua mkoba, akainua uso, akamwona mama yake dirishani, na mwanamume mwenye kofia ya kanisani pembeni yake.

Orpha aliziona Jumapili zake zote zikiondoka kama kuku waliofunguliwa banda. Lakini miguu yake haikurudi nyuma. Alishangaa mwenyewe.

"Daktari wa macho," Wanetta alisema polepole.

"Ameniona," Orpha alisema. "Kaniambia naona vizuri. Naona mpaka rangi ya midomo. Nguo umeshafua?"

"Nimekuja kulipia stika ya gari, mama. Usibadilishe mazungumzo. Tutaongea nyumbani. Tutaongea sana."

"Umeendesha mpaka huku kwa stika?"

"Huku hakuna foleni."

Watu waliokuwa kwenye foleni walitazamana. Karani, aliyependa kusaidia, akainamia dirisha lake.

"Samahani, dada," alisema. "Stika lazima ulipie kaunti unayoishi. Wewe ni wa ng'ambo?"

Wanetta akasema ndiyo.

"Basi hapa sina cha kukupa. Wa ng'ambo naweza kuwapa leseni ya ndoa tu."

Wanetta akasema hakulijua hilo, sheria zinabadilika kila siku, basi yeye anarudi zake. Akageuka kweli. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wakati mlango wa kioo wa chumba cha vitabu ulipofunguka, akatoka Verlin Hoskins na tai mpya shingoni, miwani puani, bila kumtazama mwingine yeyote chumbani.

"Netta, mpenzi," alisema kwa ile sauti ya kwaya, "kitambulisho umekipata garini?"

Hakuna aliyecheka. Hata Delmas, ambaye mara hii alisikia, aliivua kofia yake akaitazama ndani. Wanetta alibaki ameshika kitasa, na wekundu ukampanda kutoka kwenye kola mpaka kwenye nywele zilizotengenezwa.

Orpha alimalizia kutia sahihi bila haraka. Kisha akajisogeza pembeni, akapangusa ubao wa dirisha kwa kiwiko, akanyoosha kalamu.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo ulipie stika."