Nilichagua Mashini ya Filimu

Mimi ndiye niliyemvusha Falonne daraja la mto Tshopo, hapa Kisangani. Watu wa mtaa wanasema vita ndivyo vilivyomchukua, na wanasema hivyo kwa kunihurumia. Lakini Juni ile ya mwaka 2000, siku mbili kabla ya majeshi mawili ya kigeni kuanza kurushiana mabomu juu ya paa zetu, nilimpakia binti yangu kwenye baiskeli nikampeleka ng'ambo, kwa dada yangu Marie-Jeanne. Kila mtu alijua kwamba watapigana. Nilifikiri watapigana mjini.

"Juma moja tu," nilimwambia. "Kule ni mashamba. Nani atatupa bomu juu ya mihogo?"

Alikuwa na miaka kumi na sita na hakutaka kwenda. Njia nzima hakunisemesha.

Vita vilidumu siku sita. Mimi na mke wangu Augustine tulilala chini ya meza, na bomu moja likatoboa paa la chumba cha kulala bila kutugusa. Ng'ambo nako mabomu yaliwafikia. Siku ya pili Marie-Jeanne alikimbia na majirani zake kwa barabara ya Bengamisa, Falonne akiwa nyuma yake na kapu kichwani. Bomu likaanguka karibu na msafara, watu wakatawanyika msituni. Walipokusanyika tena, Falonne hakuwepo. Dada yangu aliita hadi sauti ikamkauka.

Bunduki ziliponyamaza nilitembea barabara ile mara tatu, mwezi mzima wa Julai. Katika kila kijiji niliuliza.

"Iko namna gani?" waliniuliza.

"Ni mweusi, mrefu kidogo, mwembamba. Ana mwanya."

Wasichana wa namna hiyo walikuwa wamepita wengi. Mmoja alionekana akielekea Banalia, mwingine akivuka kwa mtumbwi, mwingine akilia kando ya njia. Padri wa parokia moja, mtu mpole, alinishika bega. "Mwalimu, unatafuta kwa maneno," akasema. "Leta foto yake. Nitaibandika kwenye mulango wa kanisa, na kila mutu ataiona siku ya Mungu, kwenye misa."

Picha ya Falonne mkubwa sikuwa nayo. Nyumbani kulikuwa na ile ya komunyo, alipokuwa na miaka tisa, na uso wake ulikuwa umebadilika sana tangu hapo. Kilichokuwepo ni filimu. Pasaka ya mwaka uleule niliazima kamera nikapiga picha za nyumbani, na Papa Hilaire, mpiga picha wa karibu na soko, akaisafisha. Ila karatasi ya kutolea picha hakuwa nayo. Mto ulikuwa umefungwa kwa meli tangu vita vikubwa vya nchi vianze, miaka miwili kabla, na karatasi ya picha ilikuwa imekwisha mji mzima. Alinipa kipande cha filimu katika bahasha, akaniambia nirudi siku karatasi itakapofika.

Niliirudisha kwake. Aliinua ile filimu kwenye mwanga wa dirisha. Falonne alikuwa amesimama mlangoni, kila kitu kimegeuzwa, meno meusi na ngozi nyeupe. Uso wake haukuzidi punje ya mchele.

"Niitume Goma kwa ndege, waitoe huko?" nikauliza.

"Nilituma zangu mwaka jana," alisema Papa Hilaire. "Mupaka leo sijaziona. Hii iko moja tu, Emile. Usiitoe mukononi."

Wakati huo sikuwa nafundisha tena. Nilikuwa nimefundisha miaka kumi na tisa, na serikali ilikuwa imeacha kutulipa kabla hata ya vita vile vikubwa. Nilifanya kazi kwa Papa Nzanzu, mfanyabiashara kutoka Lubero aliyeuza sabuni na vitambaa kwa jumla, na ambaye alikuwa na chumba kimoja katika Makiso, katikati ya mji, cha kupigia barua kwa kompyuta. Watu waliandikiwa humo maombi ya kazi, vyeti, barua za mahakama. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniita mwalimu kwa sababu nilikuwa nimewafundisha watoto wake wawili.

Mwezi wa Agosti alinijia na kurasa mbili zenye picha za mashini.

"Mwalimu, mudogo wangu Isaïe iko Dubai, anafunga mizigo. Anasema katika muzigo wetu kuna nafasi ya skana moja. Bon, mimi sijui mambo haya. Soma, uchague ile inatufaa."

Zilikuwa mbili za bei moja. Ya kwanza ilikuwa pana kama sinia, yenye kioo na kifuniko. Unalaza juu yake karatasi, cheti, au picha iliyokwisha kutolewa, nayo inaiingiza katika kompyuta. Filimu haikuweza kuisoma, maana filimu inahitaji mwanga upite ndani yake. Ya pili ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye mdomo mbele. Ilikula filimu tu. Kitu kingine chochote haikukijua, lakini uso wa punje ya mchele ingeweza kuukuza hadi ujaze karatasi nzima.

Nilimwomba aniachie zile kurasa hadi kesho yake.

Nyumbani nilimwonyesha Augustine. Kusoma maelezo hakuweza, lakini picha alizielewa mara moja, akaweka kidole juu ya ile pana.

"Hii," akasema. Akaenda kuleta albamu.

Albamu ile alikuja nayo kutoka Kindu tulipooana. Ilikuwa na picha pekee ya mama yake, iliyopigwa kabla hajazaliwa yeye. Ilikuwa na harusi yetu, na mapacha wetu wa kwanza walioishi siku tisa, wamelazwa kwenye mto mmoja. Tangu paa litobolewe mvua iliingia kila ilipotaka, na ukungu ulikuwa umeanza kutambaa pembeni mwa kurasa. Baadhi ya picha zilikuwa zimeshikamana na karatasi ya plastiki.

"Tukizitia katika ordinateur yenu ya kazi, hata zikioza tutakuwa nazo," alisema. "Papa Falonne, mvua kubwa inakuja."

"Ile pana haisomi filimu."

"Unataka ile ya filimu sababu ya mutoto."

"Ndiyo."

"Emile." Aliniita kwa jina langu mara chache sana. "Miezi miwili. Falonne iko na kichwa, anajua njia ya kwetu. Kama angekuwa muzima, asingerudi?"

"Unamzika bila kumwona?"

"Simuziki. Nasema hawa," na akapiga kofi juu ya albamu, "najua kule wako. Unataka niwapoteze na hawa pia?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mama mwenye moyo hawezi kusema maneno kama hayo. Akaifunga albamu, akaiviringisha katika kitenge, akaenda kuiweka juu ya kabati. Maneno yale nimeyajutia kuliko mengi niliyoyasema maishani.

Kesho yake nilimpa Papa Nzanzu jibu. Nilionyesha ile ndogo.

"Hii itasoma na makaratasi?" aliuliza. "Vyeti, carte d'identité?"

"Itasoma," nilisema.

Ule ulikuwa uongo mtupu. Niliogopa kwamba nikisema kweli atachukua ile pana, ambayo kwa biashara yake ndiyo iliyofaa, na angekuwa na haki. Alikunja zile kurasa akazitia mfukoni.

Tulingoja. Mzigo ulitoka Dubai ukakaa, ukafika Goma ukakaa zaidi, ndege zikichukuliwa na wanajeshi. Septemba mvua kubwa zilianza. Nilipanda kuziba paa kwa bati kuukuu na turubai, lakini maji yalipata njia nyingine. Mwezi wa Novemba Augustine alishusha albamu kutoka kabatini akakuta kurasa zimekuwa kitu kimoja, kama mkate uliolowa. Alijaribu kuzitenganisha kwa maji ya vuguvugu, kama alivyosikia kwamba inawezekana. Nilimkuta uani, beseni mbele yake. Karatasi zilikuwa zinatoka nyeupe, na wino wa sura ukibaki majini. Picha ya mama yake ilikuwa imeondoka kuanzia shingo kwenda juu.

Hakulia mbele yangu. Alisema tu, "Lete kitambaa kikavu."

Mashini ilifika wiki ya pili ya Desemba. Niliifungua pale ofisini saa nne asubuhi, Papa Nzanzu amesimama nyuma yangu. Umeme ulikuwepo siku hiyo. Nilitoa filimu katika bahasha, nikaitia kwenye kishikio chake, nikaisukuma katika mdomo wa mashini. Ilinguruma taratibu. Picha ikaanza kuja juu ya kioo cha kompyuta mstari kwa mstari. Ukaja mlango wetu, halafu paji la uso, halafu macho. Alikuwa amekunja macho kidogo kwa sababu ya jua. Mwanya ulionekana. Hata kovu dogo la utotoni juu ya nyusi ya kushoto, ambalo mimi nilikuwa nimelisahau, lilionekana.

"Huyu ni binti yako?" Papa Nzanzu aliuliza.

"Ndiye."

Akachukua cheti kimoja cha mteja kilichokuwa mezani, akakitazama, akautazama ule mdomo mwembamba wa mashini.

"Na hiki kinaingia wapi, mwalimu?"

"Hakiingii, patron. Nilikudanganya."

Nilitegemea anifukuze. Alikaa kwenye kiti cha wateja, cheti mkononi.

"Katika ile colis, muzigo wa Isaïe, tulitia katoni mbili za tochi," alisema. "Tochi, mwalimu. Ungeniambia sababu, ningezitoa tochi, na Isaïe angeleta mashini zote mbili. Ungeniambia tu."

Nilifikiria beseni la uani.

Alinyanyuka. "Toa makaratasi yako," akasema. "Toa mengi."

Nilitoa karatasi arobaini zenye picha ile. Chini ya uso niliandika jina lake, umri wake, na jina la padri yule wa kupelekewa habari. Wachuuzi wa baiskeli wanaoleta mchele na mihogo kutoka Bengamisa waliyachukua, kila mmoja machache, wakabandika kwenye makanisa na kwenye mabanda ya soko njia nzima.

Jibu lilifika Januari. Padri alimleta mwenyewe mama mmoja mkulima, Mama Henriette, mpaka kwetu nyumbani. Alikuwa na ile karatasi mkononi, imekunjwa mara nne. Augustine alimpa kiti, naye akakataa kukaa kwanza.

"Huyu tulimuzika," alisema.

Akasimulia. Siku ya tatu ya vita mume wake alimkuta msichana kando ya njia ya shamba, na kipande cha chuma shingoni. Alikuwa hai, lakini hakuweza kutoa sauti. Wakambeba nyumbani. Alijaribu kuwaandikia kitu kwa kidole juu ya mkeka, na wao wawili hawakujua kusoma. Alikufa siku iliyofuata, kabla jua halijawa juu. Walimvika kitenge cha Mama Henriette, wakamzika nyuma ya nyumba.

"Hatukujua jina," alisema. "Tulisema tu, musichana wa Kisangani. Nimeona foto kanisani, nikajua jicho. Hili kovu, mimi nililipanguza damu."

Ndipo akakaa. Augustine alipiga magoti akamshika miguu, akamshukuru, na sauti aliyotoa baada ya hapo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Majirani wakaanza kuingia.

Turudi nyuma kidogo: nilikuwa nimepita kijiji kile mwezi wa Julai. Nilisimama hatua mia mbili kutoka kaburi lile nikauliza habari za msichana mweusi, mrefu kidogo, mwembamba. Wao wawili walikuwa shambani siku hiyo, na niliowauliza hawakujua habari ya kaburi.

Tulikwenda sote, na Marie-Jeanne pia, tukaweka msalaba wenye jina. Tuliporudi, Augustine alifunga nguo zake akaenda kukaa kwa rafiki yake, mtaa wa Mangobo. Alikaa huko miezi miwili. Sikumfuata kumlaumu, maana sikuwa na lawama ya kumpa. Nilimpelekea kuni na mafuta, nikaviacha mlangoni.

Papa Nzanzu hakunifukuza. Watu walisikia habari ya karatasi zile, wakaanza kuja na filimu zao. Papa Hilaire naye alileta makopo yake ya filimu za zamani, zile ambazo ukungu haujazila, tukatafuta humo sura za waliopotea. Hadi mwaka ulipokwisha tulikuwa tumetoa picha za watu sitini na mmoja. Majibu yalirudi matatu. Mawili yalikuwa makaburi. La tatu lilikuwa mwanamume hai, huko Banalia, ambaye alituma neno kwamba ameoa mke mwingine na tusimtafute tena. Wale wengine hatukusikia lolote.

Mashini pana ilifika mwaka huohuo, baada ya mto kufunguliwa. Augustine alikuwa amekwisha kurudi nyumbani. Alikuja ofisini na picha kumi na moja, zilizobaki. Mama yake hakuwemo. Mapacha walikuwemo, nusu. Hakuniruhusu nizishike, alizilaza mwenyewe juu ya kioo, moja moja, na mimi nikabonyeza.

Tulipomaliza aliniomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba tangu Desemba.

"Nionyeshe na Falonne."

Nilimfungulia. Alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta akamtazama. Wateja wawili walikuwa wanangoja mlangoni. Papa Nzanzu aliwaonyesha kwa mkono wakae.

"Hapa alikuwa amekasirika," alisema Augustine. "Nilikuwa nimemukatalia kwenda mtoni Wagenia na wenzake."

"Mimi nilifikiri ni jua."

"Hapana," alisema. "Mimi nilikuwa nyuma yako. Alikuwa ananiangalia mimi."