Kiraka Alipofika Ukutani

Uzi wa chini ulipoisha, cherehani ilinyamaza, na hadithi ikanyamaza nayo.

"Mama, jaza upesi!" binti yetu alilalama kitandani. "Umemwacha Kiraka mtaroni na maji yanakuja!"

"Mwache aoge," mke wangu alijibu, akipapasa mezani kutafuta uzi. "Tangu aanze safari yake hajagusa maji."

Mtoto akacheka mpaka pumzi zikampaa. Tulimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Moyo wake ulikuwa na tundu. Siku daktari alipotueleza, Chiriku alimgeukia mama yake na kuuliza, kama anayeuliza jambo jepesi: "Si utie kiraka tu?"

Kesho yake mama yake aliisogeza cherehani karibu na kitanda, akaanza kusimulia habari za kiraka chekundu kilichotoka kwenye kapu la vitambaa kwenda kutafuta nguo yenye tundu la kukitosha.

Leo habari hizo ni kitabu, na kinasomwa na watoto ambao wazazi wao nao walikisoma. Watu huniuliza kwa nini sura zake ni fupi na kila moja hukatika pabaya. Huwajibu kwamba ndivyo uzi ulivyokuwa ukikatika.

Asubuhi ya mwisho Kiraka alipanda ukuta. Upande wa pili aliona shati jeupe kwenye kamba, na kifuani mwa shati, tundu. Hapo uzi ukaisha, na safari hii hata akiba haikuwapo. Mke wangu akajitupia khanga begani.

"Usimruhusu aruke kabla sijarudi," alimwambia mtoto.

"Nimemshika mguu," alisema Chiriku.

Duka liko mtaa wa pili. Aliporudi, alinikuta nimemkumbatia mtoto, na mtoto hanijibu tena.

Cherehani ilifunikwa shuka mwaka mzima. Walioifunua ni watoto wa jirani. Kumbe walikuwa wakisikiliza chini ya dirisha letu siku zote, na sasa walitaka kujua Kiraka yuko wapi. Mke wangu aliwaketisha sakafuni, akaanza upya tangu kapuni. Mimi niliandika. Nilikuwa nimehitimu darasa la jioni, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na mwandiko wangu, nasema bila haya, ulikuwa mzuri kuliko wa karani yeyote. Tulipofika ukutani, akanyamaza.

"Niongeze ukurasa mmoja?" nilimuuliza. "Naweza."

"Najua unaweza, Baba Chiriku. Ila usimshone."

Sasa naye hayupo, na wiki iliyopita alikuja mhariri, binti mdogo mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Wakubwa wake wanataka kukichapa upya, lakini kwa sharti: Kiraka afike kwenye shati. Nisipokubali, kitabu hakitachapwa tena.

"Babu, wanasema watoto wanalia," alisema, macho yakiwa kwenye kikombe chake cha chai.

"Wewe ulikisoma ukiwa mdogo?"

"Mpaka jalada likatoka."

"Ukalia?"

"Sana." Akatabasamu kidogo. "Halafu nikizima taa, namshona mwenyewe. Kila siku. Siku nyingine namshona vibaya, namfumua, naanza tena."

Niliinuka, nikafungua mtoto wa meza ya cherehani, nikamwekea mkononi kibunda cha uzi alichokuja nacho mke wangu siku ile. Bado kina karatasi yake ya dukani.

Alikigeuza, akatafuta ncha ya uzi, asiione.

"Haujawahi kufunguliwa?"

"Hapana."

Alinirudishia kwa mikono miwili. Akachukua mezani karatasi ya makubaliano aliyokuja nayo, akaikunja bila saini yangu na kuisukuma ndani ya mkoba.

"Nitawaambia Babu amekataa," alisema.

"Waambie Kiraka bado ameshikwa mguu."