Jino Zima

Shangazi mtu alikuwa ameshamwonya fundi cherehani: mwanamume usimwambie mambo yako, ukijianika tu anakuchoka. Kwa daktari wa meno ushauri huo ulijitimiza wenyewe, maana mtu aliyejazwa pamba mdomoni atajianika kwa lipi?

Aliyejianika ni daktari. Huku akichokonoa jino bovu, alimweleza kwamba anaogopa kuku. Si jogoo mkali tu, kuku yeyote, hata kifaranga! Tena anapooga huimba sauti mbili, yake na ya mke ambaye bado hajampata. Fundi alijibu "Aaah," na moyo ukamwenda mbio kama cherehani.

Wiki iliyofuata akarudi akilalamikia jino jingine, likang'olewa. Wiki iliyofuata tena, huyo, na jino la tatu. Safari hii daktari aliligonga, akalimulika, akakuna kichwa.

"Dada, mbona jino hili zima kabisa?"

"Najua. Hata la wiki iliyopita lilikuwa zima."

"Lakini nililing'oa!"

"Ulikuwa katikati ya kisa cha kuku kukufukuza harusini. Ningekukatizaje?"

Daktari akabaki mdomo wazi, na fundi hakuiacha nafasi hiyo ipotee. Alishuka kitini, akamkalisha yeye, akamsokomeza pamba mashavu yote mawili.

"Shangazi atanisamehe," alisema, akivuta kigoda. "Leo zamu yangu. Panua, na usinikatize."