Kati ya Nyaya na Mto

Nyumba ya bibi Bertilla, kule bondeni upande wa Mpui, ilikuwa imebanwa. Nyuma yake, mlimani, zilipita nyaya za umeme mkubwa, na chini ya nyaya zile huruhusiwi kujenga hata banda la kuku. Mbele yake ulipita mto, nao unataka uachiwe mita sitini. Ukuta wa jikoni ulishapasuka, lakini ruhusa ya kuukarabati ilisubiri ramani.

Clemens, mpima ardhi kutoka mjini, alivuta utepe toka majini mpaka kizingitini.

"Sitini na nne! Umepona, bibi."

"Eee mume wangu!" bibi akamtania. "Nilijua hutaniacha nje."

Minza akapiga vigelegele. Alikuwa mke wa mfugaji Msukuma, wamehamia kiangazi hiki hiki. Kiwanja chao kilikuwa ubavuni mwa bibi, usawa uleule, na matofali yalishapangwa.

Clemens akachukua kalamu. "Na masika, maji hupanda mpaka wapi? Sitini huanzia hapo."

Bibi akisema, nyumba imekwenda, na kupanda juu hakuna, nyaya zinavuma huko. Asiposema, Minza atajenga. Mtoto wa Minza alikuwa mgongoni, amelala mdomo wazi.

"Kitendawili," bibi akasema.

"Bibi, niko kazini."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Nina jirani mwembamba. Akishiba, hulala kitandani kwangu."

"Paka!" Minza akacheka.

"Paka wako huyo. Wangu siye."

Clemens akakuna kichwa. "Tumeshindwa. Tunakupa mji. Chukua Sumbawanga yote, soko na stendi."

"Nimeupokea," bibi akasema. "Ni huo mto. Mwaka juzi ulifika hapa." Akagusa ukuta, usawa wa kiuno chake.

Clemens akarudi kupima, kisha akafungua kopo la rangi nyekundu na kuchora alama ya X ya bomoabomoa pembeni mwa mlango. Rangi ikachuruzika.

"Mjukuu wangu, nihamie wapi sasa?"

"Sijui, bibi. Mimi napima tu."

Minza alikuwa bado anayatazama matofali yake. "Na sisi je?"

"Mlete mtoto nimshike," bibi akasema, akinyoosha mikono. "Wewe kaanze kuyahamisha."